Mtoto wa Kwanza wa Farasi wa Baba

Baba yangu hajui kupokea kitu kimya kimya. Mpe kikombe cha chai, atakushukuru mpaka chai ipoe. Kwa hiyo siku ile Bibi mwenye shamba alipomwambia, "Huyu mtoto wa farasi mchukue wewe, mimi siwezi kumtazama akichomwa sindano ya kufa," mimi niliyekuwa nikitafsiri nilijua kabisa kwamba habari haitaishia kwenye asante moja.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Shively, kusini-magharibi mwa Louisville. Shamba lilikuwa upande wa pili kabisa, ukishapita viwanda na maghala ya Jeffersontown, mpaka pale barabara inapoanza kuwa na uzio wa mbao nyeusi kushoto na kulia. Baba alikuwa ameanza maisha ya Marekani ghalani kama watu wetu wengi, Warundi kwa Wakongo, akipanga maboksi yanayokuja kwenye mkanda. Hakulalamika kwamba kazi ni ngumu. Alilalamika kwamba boksi halina macho. Ndipo Mkongo mmoja wa kanisani kwetu akamwambia, "Bon, ndugu yangu, kule kwenye farasi wanatafuta mtu. Lakini ni kazi ya mavi, donc usije ukasema sikukuambia." Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mavi ya mnyama yalimkimbiza lini mtu kama yeye?

Maana Baba ni mtu wa ng'ombe. Alizaliwa Burundi kwenye boma la ng'ombe, akakimbia vita akiwa kijana, akakaa kambini Kigoma mpaka akaoa, akazaa, akaanza kuota mvi, na miaka yote hiyo hakuwa na hata mbuzi wake mwenyewe. Sisi watoto wake tulizaliwa huko huko kambini. Jioni alikuwa anatusimulia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja kwa jina lake: yupi alikuwa mkali, yupi alikuwa mwizi wa mahindi, yupi alilia mwanawe alipouzwa. Nikiwa mdogo nilidhani anazungumzia shangazi zangu.

Basi ndiye mtu huyo aliyekuwa amesimama bandani asubuhi ile, na toroli lake la samadi, mbele ya mtoto wa farasi aliyezaliwa na miguu ya mbele imejikunja. Kale kajike kalikuwa hakawezi kukanyaga kwato. Kalikuwa kanajaribu kusimama kwa viungo, kanaanguka, kanajaribu tena. Daktari wa mifugo alikuwa ameshafanya alichoweza, na siku hiyo alikuja na sindano. Bibi naye alikuwa amemzika mumewe miezi michache tu nyuma. Alikuwa mama wa Kizungu mrefu, mkavu, mwenye mdomo mkali, na sikuwahi kumwona akilia. Siku ile macho yake yalikuwa mekundu.

Nilipomtafsiria Baba kwamba kapewa farasi, aliweka toroli chini. Akapiga magoti kwenye maranda. Akapiga makofi taratibu, mara kadhaa, akainua mikono yote miwili na kuanza kusema kwa Kirundi, kwa sauti ya juu, sifa za Bibi, sifa za marehemu mumewe, sifa za shamba na maji yake. Farasi wote bandani wakatoa vichwa nje.

"Anaumwa?" Bibi akaniuliza.

"Anakushukuru."

"Mwambie inatosha."

"Haitoshi," nikamwambia. "Bado hajafika katikati."

Ilibidi nimweleze. Kwetu, anayekupa ng'ombe hajakupa maziwa tu. Amekufanya mtu wake, na yeye amekuwa mtu wako, na wajukuu zenu watasalimiana kama ndugu. Na ng'ombe yule akija kuzaa, wewe uliyepewa unamrudishia mwenzako mtoto. Usiporudisha, hakuna polisi atakayekuja kukushika, ila utakuwa umeula urafiki wa mtu mpaka ukaumaliza. Baba alimaliza kwa kusema, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, "Mtoto wa kwanza wa huyu ni wako." Bibi akamtazama yule kiumbe aliyelala kwenye maranda na miguu yake kama ndoana, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Aanze kutembea kwanza," akasema.

Daktari akarudisha sindano kwenye mkoba wake.

Kutembea kwenyewe tulikufanyia kazi. Mama yangu alikuwa anafanya zamu ya usiku kiwandani Jeffersontown, na asubuhi, badala ya kuja nyumbani kulala, alipitia shambani akiwa bado na viatu vyake vya kazi. Alipasha samli, akakaa chini, akaiweka miguu ya farasi mapajani, akaanza kuikanda kutoka juu kwenda chini kama alivyokuwa akitukanda sisi. "Nimenyoosha watoto wanne," alisema, "huyu wa tano atanishindaje?" Baba alipasua mabomba ya plastiki akatengeneza gango la kunyooshea mifupa, tukalifunga kwa mashuka ya zamani. Tulifunga, tukafungua, tukakanda, tukafunga tena. Mimi na kaka yangu tulikuwa na zamu kabla ya shule na baada ya shule. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ukimwambia neno kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, alilalamika kwa Kiingereza na kukanda kwa Kirundi, maana alikuwa anaiga nyimbo za Mama.

Nyumbani kwetu hakuna aliyekula kabla wanyama hawajala. Hiyo haikuwa methali, ilikuwa sheria ya Baba. Ukimwambia una njaa, anakuuliza, "Na yule mwenye midomo lakini hana mikono?" Ukimwambia umechoka anakujibu, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hapa ni wa siku ya ngapi?" Jumapili tulikwenda shambani kwanza, kisha kanisani, na hata ukioga vipi, harufu ya farasi inakaa kwenye nywele. Kwaya ilikuwa ikituona mlangoni inaanza kunong'ona, "Haya, zizi limefika." Nilikasirika sana. Leo natamani harufu ile niipate tena, tukiwa wote sita kwenye benchi moja.

Akatembea. Sitasema ni muujiza, maana Mama atanipiga kofi. Mikono yake ndiyo iliyofanya. Asubuhi moja tulifungua gango na yule mtoto akasimama juu ya kwato zake, akayumba, akashangaa, akapiga hatua kuelekea kwa Mama. Mama akaanza kupiga vigelegele, na Bibi, aliyekuwa amekuja kutazama kimya kimya kama kawaida yake, akajaribu kupiga vigelegele naye. Ikatoka sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Bibi akatuachia chumba cha mwisho bandani kiwe cha farasi wetu, na nyasi kavu za farasi wake akagawana nasi. Farasi wa shamba lile walikuwa wa maonyesho, wale wanaoinua magoti juu kabisa na kubeba shingo kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Bibi aliona mwendo wa wetu mapema kuliko sisi. Farasi alipofikisha umri, Bibi akaniita mimi, akanifundisha kumwendesha kwenye kigari cha magurudumu mawili. Mwalimu gani yule! Alikaa kwenye kiti chake katikati ya uwanja na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Legeza mikono! Humvuti punda sokoni!" Nilimjibu, naye akanijibu, tukagombana kama mtu na bibi yake. Kila nilichonacho leo kwenye mikono hii kilitoka kwenye makelele yale, na namshukuru kwa kila tusi.

Mara ya kwanza tulimpeleka maonyesho Columbus, Ohio, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameanza chuo kikuu kule, na tungelala kwake bure. Alikuwa amepanga chumba kwenye mtaa wa wanafunzi jirani na chuo, pamoja na Waafrika wengine wawili, Mkenya na Mtanzania. Tulilala sakafuni sote isipokuwa Mama, maana yule Mkenya alimpisha kitanda chake. Asubuhi nilienda uwanjani mapema kumpamba farasi wangu, nikakuta Baba amenitangulia.

Jamani. Baba alikuwa amempaka farasi samli.

Mwili mzima, kuanzia masikio mpaka mkia. Kwao, ng'ombe wa mahari hatoki nje bila kupakwa samli, atang'aa vipi mbele ya wakwe? Na kweli alikuwa aking'aa. Tatizo ni kwamba baada ya kupakwa, farasi alijilaza kwenye maranda akajiviringisha, akainuka kama mkate wa ufuta. Nilipiga kelele hadi watu wa mabanda ya jirani wakaja. "Baba! Huyu haolewi!" Bibi alifika, akatazama, akafumba macho. Halafu akavua koti lake. Tulimwosha sote kwa sabuni ya vyombo na maji ya baridi, kaka yangu akiwa na viatu vyake vya chuoni, Baba akinung'unika kwamba Wazungu wanapoteza samli nzuri bure.

Tuliingia uwanjani farasi akiwa bado na unyevu tumboni. Watu wa farasi hawa hawakai kimya. Farasi akipita vizuri wanampigia kelele na miluzi ili ajiinue zaidi. Baba alikuwa hajui. Aliposikia, uso wake ulifunguka. "Kumbe na wao wana mila!" akamwambia Mama. Akasogea kwenye uzio, akaanza kumsifu farasi wake kwa Kirundi, sifa kamili za ng'ombe: wewe uliyeikataa sindano, wewe uliyenyooshwa na mke wangu, wewe unayekanyaga ardhi kama unaidharau. Sikio la farasi likageukia sauti ile, na magoti yakapanda. Nilihisi kwenye hatamu. Tukawa wa tatu, tukapewa utepe wa njano. Bibi alishuka ngazi za jukwaa akimshikilia Mama mkono, wanawake wawili wasioelewana lugha, wote wanalia. Nimewahi kuwa na siku nyingine nzuri, lakini sijui kama zinaifikia ile.

Miaka ikaenda. Bibi alianguka bandani akavunjika nyonga, na binti yake wa pekee akaja kumchukua kwenda kuishi naye Buffalo, kule juu New York. Shamba likanunuliwa na mkufunzi kijana, mtu mzuri, aliyemfanya Baba kuwa msimamizi wa banda na kutuachia chumba chetu cha mwisho. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikafanya kazi ghalani kama Baba, nikaiacha, nikawa nashinda shambani kutwa. Tulimpigia Bibi simu kila sikukuu. Mwanzoni aliongea mwenyewe. Baadaye binti yake ndiye aliyekuwa akijibu: Mama anapumzika, Mama amekula, Mama anawasalimu. Baba alikuwa anaisikiliza ile sauti ya simu kisha anatoka kwenda kuwatazama farasi.

Mkufunzi alipotukubalia dume lake limpande farasi wetu, hakudai kitu, kwa sababu Baba alikuwa amemfanyia kazi za Jumapili zisizohesabika. Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, mwaka uliofuata, nikafika bandani nikakuta ameshazaa. Dume, mwekundu wa kahawia, miguu minne imenyooka kama mikuki. Kabla hajakauka vizuri alishajaribu kukimbia. Mkufunzi alikuja, akamzunguka, akakuna kidevu. "Huyu mfundishe wewe," akaniambia. "Tangu kamba ya kwanza. Mimi sitamgusa."

Lazima mjue maana yake. Kwenye mabanda yale watu wetu walikuwa wanasafisha, wanalisha, wanaosha. Kufundisha farasi kutoka mwanzo hadi uwanjani, jina lako litajwe kama mkufunzi wake, hiyo haikuwa kazi ya mtu kama mimi. Nilimpenda yule mtoto kuliko nilivyowahi kupenda kitu kisichosema. Kiangazi chote nilikuwa naye. Nilimzoesha kamba, brashi, kuinua kwato, kupita kwenye madimbwi. Alipoachishwa ziwa alinililia mimi, si mama yake.

Ndipo siku moja mezani, Shively, tukiwa tunakula wali na maharage, Baba akafuta mdomo na kusema, "Sasa ameacha ziwa. Tumpelekee mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Bibi."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka, na Mama akaanza kukusanya sahani ambazo hatujamaliza. Hapo nikapasuka. "Baba, Bibi nyonga yake imevunjika! Anakaa kwenye nyumba ya mjini! Atamfuga wapi, bafuni?"

"Hilo shauri lake. Langu ni kumpelekea."

"Hakumbuki hata kama ulimwahidi!"

"Mimi nakumbuka."

Nilimpigia kaka yangu Columbus nikaweka simu katikati ya meza ili anisaidie. Akamwambia Baba kwamba hapa ni Marekani, kwamba Bibi alichotoa siku ile ni mnyama wa kutupwa, hakudhani atarudishiwa kitu. Baba akasikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema kwamba siku ile alipopewa yule mnyama wa kutupwa, alikuwa hajaamshwa na mnyama wake mwenyewe tangu akiwa kijana. "Mnajua kuamka asubuhi bila kuhitajiwa na mtu yeyote mwenye njaa? Hamjui. Mungu awanusuru." 

"Mwanangu," Mama akaniambia, "kutoa ni moyo."

"Na moyo wangu mimi je?"

 Baba si mtu wa kubembeleza, lakini alisogeza kiti chake karibu na changu. "Moyo wako ndio zawadi yenyewe," akasema. "Nikimpelekea kitu kisichomuuma mtu, nitakuwa nimempelekea nini?" Nilitoka nje nikaubamiza mlango, nikakaa kwenye ngazi na baridi yake yote.

Nikiwa pale nje nikapiga hesabu zangu. Bibi atamkataa. Lazima amkatae, atafanyaje? Atacheka, atafurahi, atampapasa, atasema mrudishe kwenu. Baba atakuwa ametimiza mila yake, na mimi nitarudi na farasi wangu. Nikaingia ndani nikasema sawa, nitaendesha gari mimi. Mama akanitazama. "Leo jua limechomoza magharibi," akasema.

Nilitaka angalau tumpigie binti yake simu tumweleze. Baba akakataa katakata. Tulisema tunakuja kuwasalimu, basi. Zawadi ya mnyama haitangazwi kwa simu, inatembea kwa miguu yake mpaka mlangoni. Mkufunzi akatuazima gari na trela, akaniuliza kama Baba anajua kwamba yule ndiye mtoto bora bandani. Nikamwambia anajua. "Na bado anampa mtu?" Nikamjibu kwamba hampi, anamrudishia. Akavua kofia akakuna kichwa.

Tulipita Columbus tukapumzisha farasi kwenye shamba la rafiki yake mkufunzi, kaka yangu akatuletea chapati za yule Mtanzania. Kutoka pale tukapanda kaskazini, tukafuata ziwa, na theluji ikaanza kudondoka kabla hata hatujaingia New York. Baba alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, na mimi nikawa namwambia afupishe, nitatafsiri mpaka usiku.

Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba zilizobanana, na trela letu liliziba njia nusu. Binti yake Bibi akatoka na kandambili kwenye theluji. Ni mama mwenye roho nzuri, hilo niliseme. Lakini alipoona Baba anafungua mlango wa trela na kichwa cha farasi kinatokea, alishika kifua. Bibi alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Alikuwa amepungua, amekuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Akatuona kupitia kioo. Akaanza kuhangaika kuinuka.

"Mama, kaa, kaa, nitawaleta ndani," binti yake akasema akikimbilia mlangoni. Bibi hakukaa. Alitoka na ile fremu yake ya chuma ya kutembelea, koti juu ya nguo za nyumbani, mpaka kwenye njia ya gari. Baba akapiga magoti kwenye theluji na suti yake. Akapiga makofi. Akasema, na mimi nikatafsiri: "Ulinipa mnyama wakati sina mnyama. Umenifanya mtu tena. Alinyooka, akazaa. Huyu ni mtoto wake wa kwanza. Ni wako."

 Bibi aliachia fremu kwa mkono mmoja, akapitisha kiganja kwenye bega la farasi, akashuka polepole mpaka mguu wa mbele, goti, mpaka kwenye kiungo. Halafu mguu wa pili. Theluji ilikuwa inamwangukia kichwani. Mimi nilikuwa nimeshika kamba, nasubiri acheke aseme mrudisheni.

"Wangu?" akauliza.

"Wako," nikasema.

"Wangu mwenyewe?"

Binti yake akacheka kwa upole, akamshika kiwiko. "Mama, ni jambo zuri sana, lakini unajua kabisa hatuwezi..."

"Sikukuuliza wewe," Bibi akasema.

Ilikuwa ile ile sauti ya katikati ya uwanja.  Binti yake akaachia kiwiko. Bibi akasema kuna rafiki yake wa zamani wa maonyesho ana mabanda dakika chache tu kutoka pale, apigiwe simu, na apigiwe sasa hivi, na mtu amletee viatu vyake vya shamba viko chini ya kitanda, ndiyo, vipo, alivificha.  Binti yake akaingia ndani kuvitafuta, na alipotoka navyo alikuwa akilia, na akampigia simu yule rafiki mwenyewe.

Bibi akanyoosha mkono kwangu. Nilijua anataka kamba. Vidole vyangu vilikataa kabisa. Baba hakunisukuma wala kunitazama. Aliangalia pembeni kama mtu anayempa mwenzake faragha. Nikaweka kamba kwenye kiganja cha Bibi, nikavikunja mwenyewe vidole vyake juu ya kamba, kama unavyomshikisha mtoto kitu, na yeye akanishika mkono akaubana, akijua. Yule mama alijua farasi, kwa hiyo alijua kila kitu.

Tulimpeleka kwenye mabanda yale, chumba kilikuwa kikubwa, safi, chenye dirisha. Nilianza kumweleza Bibi kila kitu huku nalia bila aibu: hapendi kushikwa sikio la kushoto, akipewa maji baridi sana anasubiri, ukimwimbia wakati wa kuinua kwato anatulia. Bibi aliitikia kwa kichwa kila neno, macho yake yakiwa kwa farasi. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Alimtuma binti yake nyasi kavu, akamkemea kwamba ameshika vibaya, na yule binti akacheka kwa machozi na kushika tena. Baba alikuwa amesimama mlangoni na magoti yamelowa, anatabasamu kama tajiri. Nilimtazama Bibi, nikamtazama Baba yangu, nikasema "asante" kwa Kiswahili, kwa sauti, na kila mmoja wao akadhani namwambia yeye.

Tulianza kuaga kwa mapana na marefu kama watu wetu wanavyoaga. Bibi hakuwa na muda huo. Alikuwa ameiegemeza fremu yake ukutani na kuchukua uma wa samadi, ameushika kwa mikono yote miwili.

"Haya nendeni, njia ni ndefu," akasema bila kugeuka. "Mimi nina kazi."